Amepigwa nyundo na nani?

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, giza bado, baridi inatafuna masikio, nilikuwa nimesimama ndani ya ghala moja nje kidogo ya jiji la Leeds nikisubiri zamu ianze. Nilikuwa na wiki tatu tu Uingereza. Visa ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki, nami nilikuwa nazitumia zote hadi dakika ya mwisho. Jamaa niliyepangwa naye kupakia maboksi aliingia amechelewa, macho mekundu, akaliegemea toroli kama mzee anavyoegemea mkongojo. Akaniambia: "I got absolutely hammered on Saturday, mate."

Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, Tanga. "Hammer" ni nyundo. "Hammered" ni kupigwa nyundo. Nikampa pole sana. Nikamuuliza amepigwa sehemu gani ya mwili, na kama ameshatoa taarifa polisi.

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Zamu haijaisha ghala zima lilikuwa na habari, na kwa miezi miwili iliyofuata kila aliyenipita alikuwa akiniuliza kama yule mtu wa nyundo ameshakamatwa.

Nilitahayari, lakini sarufi sikukosea, na hilo nalisema hadi leo. Mwalimu wetu wa kidato cha pili alitufundisha kwamba kila sentensi ya kutendwa ina mtenda aliyejificha, na kazi ya mwanafunzi ni kumtafuta. Kikombe kimevunjwa: na nani? Mbuzi ameibwa: na nani? Jamaa amepigwa nyundo, basi nami nikawa namtafuta mwenye nyundo. Nimeendelea kumtafuta tangu siku ile, maana kadiri nilivyozidi kuyasikia maneno ya Waingereza ya ulevi ndivyo nilivyoona kwamba mengi yake yamejengwa vilevile. Kuna mtu kafanyiwa jambo baya, na aliyemfanyia hatajwi.

Yasikilize. "Smashed", amevunjwavunjwa. "Plastered", amepigwa lipu, ileile ya ukutani. "Bombed", kapigwa bomu. "Blitzed", kashambuliwa kama London ilivyoshambuliwa na ndege za Wajerumani mwaka 1940 na 1941. "Slaughtered", kachinjwa. "Wrecked" ni chombo kilichopasukia mwambani. Ukitoka vitani ukaingia jikoni, "stewed" ni katokoswa, "fried" kakaangwa, "pickled" katiwa siki kama embe la achari, "canned" kafungiwa koponi. Ukishuka bandarini, "loaded" ni kapakiwa shehena, "tanked" kajazwa tangi. Na ambaye hakufanyiwa kitu, basi kapungukiwa na kitu: "legless", hana miguu, "paralytic", kapooza. Katika orodha yote hiyo hayumo mtu aliyeshika glasi akaipeleka mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, mara nane.

Hata neno la msingi, "drunk", ni umbo lilelile la kitenzi cha kunywa linalotumika kwa kitu kilichonywewa. Ukilitafsiri bila huruma, mlevi wa Kiingereza ni mtu "aliyenywewa". Kwetu kinachonywewa ni uji.

Wenyewe wanaisimu wameliona jambo hili, ingawa wao walilijia kwa mlango wa utani. Kuna mchekeshaji wa Kiingereza, Michael McIntyre, ambaye katika onyesho lake moja alidai kwamba Waingereza wa tabaka la juu wanaweza kuchukua neno lolote lile wakaligeuza kuwa ulevi. "Gazebo" ni kibanda cha kupumzikia bustanini. Basi mtu anasema jana alikuwa "utterly gazeboed", na kila mtu mezani anaelewa. "Car park" ni maegesho ya magari. Na "car-parked" nayo inapita. Wanaisimu Christina Sanchez-Stockhammer na Peter Uhrig, wanaofanya kazi katika vyuo vikuu vya Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa kisayansi kuhusu utani huo. Walikusanya maneno 546 ya Kiingereza yenye maana ya kulewa, wakaangalia yanavyotumika. Walichokiona ni kwamba msikilizaji haongozwi sana na maana ya neno lenyewe, anaongozwa na fremu: kiambishi cha mwisho cha kutendwa, neno la kukoleza kama "totally" au "absolutely" mbele yake, na mazingira ya Jumamosi usiku. Ndani ya fremu hiyo weka kibanda, weka maegesho, weka toroli. Na toroli limeshawekwa kitambo: "trolleyed" ni neno la kawaida kabisa huko.

Nawakubalia. Lakini wao wameeleza jinsi msikilizaji anavyoelewa. Mimi kinachonisumbua ni kwa nini fremu iwe ya kutendwa, na jibu langu ni la mtu wa ghalani: kwa sababu inamruhusu msemaji kusimulia bila kuungama. "Nilikunywa bia tisa" ni maungamo, yana idadi na yana mtenda. "I got gazeboed" ni taarifa ya hali ya hewa. Mvua ilinyesha, mimi nikalowa.

Ndiyo maana maneno haya hayaishi. Mmarekani Paul Dickson amekuwa akiyakusanya kwa miongo, na orodha yake ya visawe 2,964 iliingia katika rekodi za dunia za Guinness. (Rekodi hizo, kwa taarifa yako, zilianzishwa na kiwanda cha bia. Wa kuhesabu na wa kuhesabiwa walikuwa nyumba moja.) Watu hupenda kueleza wingi huo kwa kusema Waingereza wanakunywa sana. Maelezo mepesi. Warusi wanakunywa, Wajerumani wanakunywa, na kijijini kwa bibi yangu mnazi ulikuwa unaamka kabla ya jogoo. Lugha haizalishi majina 2,964 ya kitu kwa sababu tu kitu kipo kingi. Inayazalisha pale ambapo kila jina linachakaa haraka, likishaeleweka mno.

Hilo si langu, ni la Benjamin Franklin, na alilisema karibu miaka 300 iliyopita. Mwaka 1722, kijana wa miaka 16 mjini Boston, alikuwa akiandika katika gazeti la kaka yake kwa kujifanya mama mjane aitwaye Silence Dogood. Mjane huyo aligundua kwamba wanywaji wa mji ule ni nadra sana kusikia "wamelewa". Wamechangamka, wameona miezi miwili, jua limewawakia. Miaka 15 baadaye, akiwa sasa mchapishaji mwenye mali yake huko Philadelphia, Franklin alitoa katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette orodha ya misemo zaidi ya 200, ambayo alisema imetoka kwenye mazungumzo ya wanywaji. Mbele ya orodha aliweka nadharia. Uovu, alisema, siku zote hutafuta kuvaa nguo za wema: ubahili hujiita busara, ubadhirifu hujiita ukarimu. Ulevi peke yake una bahati mbaya. Haufanani na wema wowote ule, hauna wa kumwazima jina. Basi unalazimika kuzunguka kwa misemo ya mbali, na kuibadilisha misemo hiyo kila inapoanza kueleweka wazi kwamba maana yake ni kuwa mtu amelewa.

Ni nadharia nzuri, na ina tundu. Katika orodha yake mwenyewe ya mwaka 1722 lipo neno "merry", mwenye furaha, na upo msemo wa kwamba mtu yuko katika hali njema sana ya moyo. Kumbe ulevi ulishapata wema wa kumwazima jina, nao ni uchangamfu! Kiswahili nacho kimeazima palepale. "Mzee leo amechangamka," tunasema, na mke wa mzee anajua atafungua mlango saa ngapi.

Lakini kinachonivutia zaidi katika orodha ya 1737 ni kitu ambacho Franklin hakuwa na sababu ya kukiona. Walevi wake wengi wana kazi za kufanya. Huyu amekwenda Barbados, kisiwa cha rami. Yule yuko njiani kwenda Yerusalemu. Mwingine anashindana na Farao, mwingine anawaona dubu, mwingine amepoteza usukani, mwingine amekula chura mmoja na nusu kwa kifungua kinywa. Kuna ambaye mfalme ni binamu yake. Ya kutendwa yamo pia, "stew'd" ni la zamani hizo, lakini mlevi wa karne ya kumi na nane anatembea, anagombana, anakula chura. Ana miguu. Wa leo amelala chini anapigwa nyundo. Sijui kama ni maendeleo.

Mabaharia nao walichangia pakubwa, na hapa sisi watu wa pwani tuna la kusema. Kuna msemo wa Kiingereza, "three sheets to the wind", ambao wanafunzi wetu wengi huutafsiri kwa mashuka matatu yaliyoanikwa upepo ukiyapeperusha. Picha nzuri, lakini si yenyewe. "Sheet" ya baharia si shuka, ni kamba. Ni ile kamba ya pembe ya chini ya tanga ambayo manahodha wetu wanaiita demani. Demani ikiachiwa, tanga linapigapiga hewani, upepo haukamatiki, na chombo kinayumba hakijui kiendako. Zikiachiwa tatu, habari imekwisha. Mtu yeyote aliyewahi kupanda jahazi kutoka Tanga kwenda Pemba upepo ukachafuka anauelewa msemo huu kwa tumbo, hahitaji kamusi.

Na tazama mambo yanavyopishana. Mwingereza alichukua chombo kinachoyumba akamwelezea mlevi. Mswahili alimchukua mlevi akakielezea chombo: tunasema chombo kinalewalewa, mnazi unalewalewa kwenye upepo, mtu aliyezidiwa na mawimbi naye amelewa ingawa hajagusa tone. Njia ni ileile, wasafiri wanakwenda pande mbili.

Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa likiwagawia mabaharia rami kila siku. Mwaka 1740 Admeri Edward Vernon, aliyekuwa akipenda koti la kitambaa kizito kiitwacho "grogram" na kwa hiyo akabandikwa jina la "Old Grog", aliamuru rami hiyo ichanganywe na maji. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vernon hakusifiwa na mtu, alilitia maji hivyohivyo. Mabaharia walilipa kinywaji kile jina lake, "grog", na aliyekinywa kikamzidi akawa "groggy". Mgao wenyewe ulikomeshwa tarehe 31 Julai 1970, na neno nalo limestaafu: leo "groggy" ni mtu aliyeamka usingizi haujamtoka. Franklin alisema misemo hubadilishwa ikishaeleweka, nami naongeza: neno likichoka linakwenda kufanya kazi nyepesi.

Mpaka hapa ningeweza kuambiwa kwamba yote haya ni masihara ya baa, hayana madhara. Basi tuhamie kwenye siasa.

Uingereza ilikuwa na mwanasiasa wa chama cha Labour aitwaye George Brown, naibu kiongozi wa chama na baadaye Waziri wa Mambo ya Nje. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1963, Rais Kennedy ameuawa saa chache tu, Brown aliitwa kwenye televisheni kutoa rambirambi. Alikuwa ameshakunywa, na nchi nzima iliona. Sasa, kuandika gazetini kwamba mheshimiwa fulani ni mlevi, katika nchi yenye sheria kali za kashfa, ni kumwita wakili wake chakula cha mchana. Mwaka 1967 jarida la dhihaka la Private Eye lilichapisha waraka wa kubuni uliokusudiwa kuwasaidia waandishi wa nje wanaotaka kueleza hali ya Brown, na ndani yake mlikuwa na maneno kama kuchoka na kujaa hisia. Kutoka hapo ukazaliwa msemo "tired and emotional", amechoka na amejaa hisia. Hadi leo Mwingereza akiusoma gazetini anajua chupa zilikuwa ngapi.

Ni msemo mtamu, na mimi mwenyewe huutumia. Lakini angalia ulivyofanya kazi. Wasomaji waliojua, walijua, waliocheka, walicheka, na swali la kawaida kabisa, kama mtu huyu anafaa kuendesha mambo ya nje ya taifa, likabaki limezungushiwa pazia la kicheko. Msemo ukiwa mtamu sana, watu wanaufurahia wanasahau ulikuja kusema nini. Brown alijiuzulu mwezi Machi 1968 baada ya kugombana na Waziri Mkuu wake. Msemo haukujiuzulu.

Mahali pekee ambapo Kiingereza kinaacha maringo ni kwenye sheria. Sheria ya Vileo ya mwaka 1872 inasema "drunk", basi, haina kibanda wala nyundo. Inasema ni kosa kulewa huku ukiwa unasimamia ng'ombe, farasi, gari la kukokotwa au mtambo wa mvuke, au ukiwa umebeba bunduki yenye risasi. Napenda sana kifungu hicho. Hakiulizi umefanywa nini na pombe. Kinauliza, wakati ule, mkononi mwako ulikuwa umeshika nini.

Kuna pia suala la kipimo, na hili si la kucheka. Maneno ya ulevi yanafanya kazi ya vijiti vya kupimia mafuta: "tipsy" ni kidogo, "drunk" ni kati, "wasted" ni juu kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walionyesha mwaka 2009 kwamba vijiti hivi havilingani kwa watu wote. Wanawake walielekea kutumia neno laini kama "tipsy", wanaume maneno mazito kama "hammered". Ukijiita "tipsy" utajiona unafaa kushika usukani. Neno limekupima, na limekupima kwa ukarimu.

Mmoja aliyejaribu kuvipanga vijiti hivyo kwa utaratibu ni mhakiki wa Kimarekani Edmund Wilson, mwaka 1927, wakati pombe imepigwa marufuku Marekani yote. Aliorodhesha maneno zaidi ya mia, akaanza na hali nyepesi akapanda ngazi. Kwenye ngazi ya mwisho aliweka msemo ambao kila nikiusoma nywele zinanisimama: kuwaka kwa mwali mdogo wa buluu. Miaka hiyo hiyo serikali ya Marekani ilikuwa ikiagiza spiriti ya viwandani itiwe sumu ili watu wasiinywe, sumu yenyewe hasa ikiwa methanoli. Watu waliinywa, na walikufa. Mwali wa buluu si tashibihi peke yake.

Nitarudi kwenye mwali huo. Kwanza tuingie nyumbani.

Kwa muda mrefu nilidhani Kiswahili ni kama Kiingereza, kwamba nacho kinamficha mnywaji. Siku moja yule jamaa wa ghalani, ambaye kufikia hapo tulikuwa marafiki, aliniuliza sisi tunasemaje. Nikamwambia tunasema "kupiga maji". Akataka tafsiri ya neno kwa neno, nikampa. Akanyamaza, akanywa funda, akasema: kwa hiyo nyinyi ndio mnaopiga?

Ndiyo. Sisi ndio tunaopiga. Tunapiga maji, tunachapa maji, tunakata maji, tunapiga mtindi, tunapiga vyombo. Vitenzi vya kutenda, mtenda yupo mbele kabisa ya sentensi, kifua wazi. Kisichokuwepo ni pombe. Imegeuzwa maji, imegeuzwa maziwa ya mgando, imegeuzwa "kilaji" kana kwamba ni chakula, imeitwa "ulabu", imeitwa "masanga" kwa Kilingala, na Nairobi vijana wanaiita "keroro" au "tei". Ukitaka kuona ufundi huu kwenye kilele chake, sikiliza watu wazima wawili wakiulizana kwa adabu: "Wewe unatumia?" "Hapana, mimi situmii." Unatumia nini? Sukari? Usafiri? Kinachotumiwa kimefutwa kabisa, kimebaki kitenzi kinaelea, na hakuna Mswahili anayeuliza. Kiingereza nacho husema "he drinks" bila kutaja nini, lakini angalau mtu bado anakunywa.

Kiwango cha ulevi tunakipima kwa milio. Amelewa chakari, amelewa chopi, tilalila, bwi. Hapa ule mchezo wa kibanda haufanyi kazi hata kidogo. Jaribu kuwaambia watu "jana nilikibandwa" uone watakavyokutazama. Milio hii haizalishwi ovyo, inarithiwa. "Chicha" peke yake ndiyo naona ina picha: nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, imebaki makapi.

Haki itendeke: pombe kwetu huwa inarudi kwenye sentensi, ila inachelewa. Inarudi mambo yakiharibika. "Pombe imemkolea." "Pombe imempanda kichwani." Glasi ya kwanza hadi ya tano anapiga yeye, kuanzia ya sita inapiga yenyewe. Nahisi ndugu, mke na majirani ndio wanaosema sentensi hizi za pili. Mwenyewe muda huo hana sentensi.

Basi Mwingereza anamficha mnywaji, nasi tunakificha kinywaji. Nani amepata hasara zaidi? Nikiwa kijana ningesema tuko sare. Siku hizi sina hakika hiyo, na sababu ni jina moja: kumi kumi. Ndivyo ilivyoitwa pombe ya bei rahisi mitaa ya Nairobi, kwa kuwa iliuzwa kwa shilingi kumi. Mwezi Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, pombe ya namna hiyo iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya mia, na wengine walipofuka. Jina lilikuwa limemwambia mnunuzi bei. Lilichokuwa ndani halikumwambia. Majina ya wenzake ni hivyohivyo, "machozi ya simba" kwa mfano, ni ushairi mtupu, hayana hata chembe ya habari.

Nisieleweke vibaya. Jina haliui mtu, methanoli ndiyo iliyoua, pamoja na umaskini na askari aliyepita akachukua chake akaondoka. Hata sheria ilikuja kukubali kwamba kuficha hakusaidii: mwaka 2010 Kenya ilipitisha ile sheria ya kudhibiti vileo ambayo wengi wanaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, na chang'aa ikahalalishwa ili ipimwe, iwekwe kwenye chupa, ibandikwe lebo. Lebo ni kitu gani kama si jina linalosema kilichomo ndani?

Na ule mwali. Wazee wa gongo wana kipimo chao: wanamimina kidogo kwenye kijiko, wanawasha kiberiti. Ikiwaka buluu, wanasema hii ni safi. Nimekiona kipimo hicho kwa macho yangu, nyuma ya nyumba moja Muheza, mzee amekishika kijiko kwa kitambaa asiungue, sisi watoto tumechungulia kwenye makuti. Kilichokuwa kijikoni kilitwaa mwali mzuri, mdogo, usiotoa moshi. Mzee akatabasamu, akaufunika kwa kiganja ukazimika. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba methanoli nayo inawaka buluu.

Watafsiri wenzangu huniuliza "hammered" nailetaje kwa Kiswahili. Siku hizi naandika "alilewa chakari" na nasonga mbele, ingawa najua nimemrudishia mtu wa watu kosa ambalo lugha yake ilikuwa imemvua. "Pissed" nawaachia onyo tu: London ni mlevi, New York ni mtu mwenye hasira, na aliyewahi kuyachanganya haya mawili kwenye barua ya kazi hatasahau.

Yule jamaa wa ghalani alinialika baa moja karibu na kituo cha treni siku ya mwisho wa mkataba wangu. Kabla sijaonja, simu ikalia. Shangazi, Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia makelele, uko wapi?"

"Niko na wenzangu wa kazini, wananiaga."

"Alhamdulillahi. Na baridi yote hiyo ya huko, mwanangu, hujaanza kutumiatumia?"

Nikaitazama glasi. Ilikuwa bado imejaa hadi ukingoni, povu halijatulia.

"Situmii, shangazi," nikamwambia.